Chumba Nilichochagua Uvira

Mama wangu mupendwa, jambo sana kutoka huku ziwani.

Ulitaka nilale kwa mjomba, kule mtaa wa Kavimvira, lakini chuo kiko mbali na kule. Sista anayesimamia malazi akanipa njia mbili: dortwari kubwa yenye vitanda thelathini, ama nyumba ndogo karibu na ziwa, ambayo ukuta wake bado una matundu ya risasi za wakati wa uasi. Mule alikaa msichana mmoja tu, Nyamahoro, wa kule juu milimani. Wengine walikataa kukaa naye, wakisema watu wa milimani ndio walileta vita.

Nilienda kuangalia tu. Mvua kubwa ikanikuta mlangoni.

“Ingia, weye, utalowa!” akaniita.

Maji yalikuwa yanapenya kwenye matundu. Tukayaziba kwa matambara na sabuni, huku tukicheka. Kisha akapika bukari ya unga wa mihogo na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, tukala sahani moja. Akaniambia kaka yake alikufa mu vita.

“Miye pia nilipoteza kaka,” nikasema, nikamutajia Amisi wetu.

Sikumuuliza wake alipigania upande gani, naye hakuniuliza. Aliniongezea ndagala tu.

Siku ile ile nikahamisha godoro langu. Mama, tangu Amisi atutoke sijalala vizuri hivi.

Umutulize mjomba. Na ukikuja kunitembelea, uliza kwa Furaha na Nyamahoro. Wasichana wote wanapajua sasa, kila Jumapili wanakuja kula. Mungu akupe afya, na mihogo yako ya Luvungi inenepe.

Mutoto wako,
Furaha