Chumvi ya Ubatizo

Jumatatu, 3 Machi
Marufuku ya uvuvi imeisha, ziwa limefunguliwa, samaki wamerudi Kashikishi. Natia chumvi tangu asubuhi, vidole vinauma. Kila nikichota kiganja namkumbuka yule mtoto kwenye riwaya ninayoisoma: padri alimwekea chumvi ya ubatizo ulimini, akafa kabla ya amina. Enzi za wafalme wa Kongo, mapadri wageni, watu wanabatizwa kwa chumvi. Nani anaitia sumu? Nimenogewa vibaya. Kuna samaki niliowatia chumvi mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Yaya Mireille, dada yangu mkubwa, amevuka ziwa kwenda Pweto, upande wa Kongo, kuuza vitenge. Riwaya ni moja tu. Kabla hajaondoka tuligombana. Mwishowe tumeipasua kwa kisu cha samaki: nusu ya kwanza kwangu, ya pili kwake, maana amenitangulia kusoma. Sharti: sura ya mwisho tuisome pamoja. Mimi namshuku mkalimani wa mapadri. Yeye akacheka, ana mshukiwa wake. "Njo ule padri muzee. Utanipikia bukari na samaki." Atakayekosea ndiye atakayepika huo ugali.

Ahadi hataishika. Namjua. Hata filamu hutaka aambiwe mwisho kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Majivu ya Kwaresima. Padri aliponigusa paji la uso nilirudi nyuma kidogo. Mwenyewe alishangaa. Riwaya imeniharibu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza nusu yangu. Mkalimani ananawa mikono kila baada ya ibada, tena anasugua. Si bure. Naogopa, na bado nataka zaidi. Chumvi yangu mwenyewe nimeionja kwanza kabla ya kuitia kwenye mboga. Ujinga mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Upepo tangu adhuhuri. Yaya alikuwa arudi leo. Ziwa limechafuka, wavuvi wamepandisha mashua zao mchangani. Simu yake haipatikani. Nimemkasirikia. Bila shaka amejikalia Pweto anamalizia sura yetu. Heri iwe hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Amekuja mvuvi kutoka Mununga. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Bwato tuliona, imepinduka. Batu, hapana." Mashua aliyopanda Yaya. Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Jumatatu, 10 Machi
Sijagusa chumvi. Samaki wa watu wanaoza na sijali. Nasikia kandambili za Yaya uani. Natoka, hakuna mtu. Naingia, nazisikia tena.

Jumatano, 12 Machi
Wavuvi wameleta ndoo ya Yaya, ile yenye kifuniko, anayoikaza kwa mpira wa tairi ili ielee mashua ikizama. Vitenge vikavu. Karatasi za kuvukia mpaka, kavu. Nusu ya riwaya, kavu. Alijua kufunga ndoo. Naichukia hiyo ndoo.

Amekunja kona ya ukurasa, kama kawaida yake anapoachia kusoma. Ni mwanzo wa sura ya mwisho. Kurasa zinazofuata hazijafunguliwa hata kidogo, bado zimeshikana. Hakuisoma. Alikuwa ananisubiri, na mimi nilikuwa namsema.

Jumapili, 16 Machi
Mwili haujaonekana, kwa hiyo matanga hayajawekwa. Baada ya misa nimekaa uani, pale anapopenda kukaa yeye. Nimeisoma sura ya mwisho kwa sauti, polepole, bila kuruka kitu. Jirani alichungulia, akaniacha.

Ni padri mzee.

Nimepika bukari na samaki. Sahani mbili. Yangu nimekula. Yake nimeifunika.