Mtumbwi wa Mama Mkwe na Besi ya Deo

Jumanne, 6 Juni 1995

Deo amechemsha tena nyuzi za gitaa kwenye sufuria yangu ya maharage. Nyuzi nne, nene kama waya wa breki ya baiskeli. Anasema zikichemka uchafu wa vidole unatoka, sauti inarudi. Nyuzi mpya ni mpaka Mwanza, na Mwanza si hapo. Nimeisugua sufuria kwa majivu mara mbili, maharage bado yana ladha ya msumari. Baba yake amekula yote.

Mimi si mtu wa kujisifu. Lakini hapa Keza ni vijana wangapi wanaopiga gitaa la umeme kwenye bendi ya Kabanga? Mmoja. Na nimemzaa mimi.

Leo jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala nikatoa redio na ile kaseti aliyoniletea Deo, bendi yao wakifanya mazoezi. Deo anapiga besi, gitaa kubwa kuliko yote. Ule mlio wa juu ulipoanza, unaocheka na kuruka kama ndege kwenye mtama, nikawaambia akina mama haya, sikieni mkono wa Deo. Mwenyewe alikuwa mlangoni anafunga gitaa kwenye gunia. Akainama. Aibu hiyo kaitoa kwa baba yake, kwangu hakuitoa.

Mama Konsolata alikuwepo. Mwanawe ni dereva wa shirika moja huko kwenye kambi ya wakimbizi, gari jeupe, na halipiti juma hatujasikia habari za gari hilo. Leo ana jingine. Konsolata anaolewa Jumamosi tarehe 24. Bwana harusi ni Msukuma wa Biharamulo, ukoo wake uko mbali, kwa hiyo sherehe ni hapa uwanjani kwa Mama Konsolata. Bendi ya Kabanga imeitwa. Na ameazima mtumbwi wangu.

Mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Kwa lugha yetu ni umuvure. Baba mkwe aliuchonga kwenye shina moja, mama mkwe akaniachia mimi, si binti zake. Harusi bila mtumbwi wangu hapa haijawahi kuwa harusi. Anayeazima huniletea kibuyu cha kwanza, bwana harusi bado hajaonja.

Kwa hiyo tarehe 24 pombe yangu na mwanangu uwanja mmoja. Nimefurahi hadi nimeunguza uji.

Jumamosi, 10 Juni

Nimeng'oa maharage kutwa. Mgongo. Deo Kabanga tangu asubuhi, kwa baiskeli, gitaa mgongoni.

Jumapili, 11 Juni

Amerudi anaisukuma baiskeli, hakuipanda. Nikajua kuna jambo.

Sanduku la spika yake limeanguka kutoka kwenye pikapu, limepasuka vipande vipande. Spika yenyewe, ile duara nyeusi yenye sumaku nyuma, imepona. Amplifaya imepona. Sanduku halipo tena. Nikamwambia basi si sanduku tu. Akanieleza polepole kwamba besi bila sanduku ni mtu asiye na kifua. Anafungua mdomo, hatoki mtu.

Mzee Gervasi mwenye bendi amesema sanduku lipatikane kabla ya harusi ya Konsolata. Lisipopatikana, yupo mpigaji wa Mwanza mwenye sanduku lake, na Deo arudishe gitaa.

Gitaa si la Deo. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Naogopa. Ana miaka ishirini na sita. Kabla ya gitaa alikuwa kijana wa kukaa ukutani, ukimsalimia anatazama vidole vyake. Gitaa ndilo lililomfundisha kuinua uso. Likiondoka sijui nani atabaki humu ndani.

Jumanne, 13 Juni

Mbao hakuna. Deo ameuliza Kabanga, ameuliza Ngara mjini. Tangu wakimbizi waje mbao zote zinakwenda kambini, maghala, vyoo, madarasa. Kilima cha mbele kilikuwa na miti, sasa tunaona hadi barabara. Siwalaumu. Mtu aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni lazima apike. Lakini mbao hakuna.

Jumatano, 14 Juni

Nimemkuta amechuchumaa kando ya mtumbwi. Anaugonga kwa vidole, anasikiliza, anagonga tena. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia hata asijaribu, heri aniombe jino.

Akasema sawa mama, akaondoka. Hiyo sawa yake inaniudhi kuliko kama angebishana.

Ijumaa, 16 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwa fundi Nestori. Huyu ni mkimbizi wa Burundi, anatengeneza redio chini ya turubai kwenye soko la kambini. Kirundi chake na Kihangaza changu vinasikilizana. Amplifaya ya bendi ni yeye huifungua ikiharibika, kwa hiyo Deo anamjua. Nilitaka anitafutie mbao kwa watu wake. Nikabeba redio na kaseti ili asikie ni mtu wa namna gani anayetafutiwa sanduku.

Nikaweka kaseti. Ule mlio wa juu ukaja. Nikamwambia sikia mkono huo, mwanangu.

Nestori alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Mama, huyo ni Zakaria wa solo."

Nikamwambia arudie.

"Deo yuko chini yake. Redio hii ni ndogo, haina kifua cha kumtoa."

Nikakaa kwenye debe lake. Akaniambia Deo ndiye anayewashika wale wengine wasipotee njia, ila redio yangu haimpati. Alisema kwa upole. Ningependa angenicheka.

Mwaka mzima nimemsifu mtoto wa watu. Mbele ya jumuiya, mbele ya Mama Konsolata, mbele ya Deo mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Na mwanangu sijamsikia hata mara moja.

Mbao Nestori hana.

Jumamosi, 17 Juni

Nimemuuliza Deo kwa nini hakuniambia. Alikuwa anaosha miguu.

"Ulikuwa unafurahi, mama. Ningekukatizaje?"

Nikaenda kulia migombani, mahali nisipoonwa. Niliporudi nikamwambia auchukue mtumbwi. Lakini baada ya pombe ya Konsolata, maana neno nimeshatoa. Pombe itatoka Alhamisi, harusi Jumamosi. Nestori atakuwa na siku moja na kitu ya kuugeuza sanduku.

Deo hakunishukuru. Alichukua jembe, akalima ule upande wote ulionishinda. Kalima vibaya. Nimeona migomba miwili imekatwa mizizi. Nimeirudishia udongo.

Jumapili, 18 Juni

Ilibaki kumwambia Anatoli, baba yake Deo. Mtumbwi aliuchonga baba yake, nilijiandaa kwa ugomvi, hata nguo za kwenda kwa dada yangu nilishazifikiria. Alinisikiliza. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia misumari inalia. Akarudi ameshika mlango wa jiko, ameung'oa, akauliza kama utatosha kuziba mbele.

Huyo ndiye mume wangu. Maneno kumi kwa mwezi, na tisa ni ya mbuzi.

Jumatano, 21 Juni

Tumekamua ndizi za Konsolata. Akina mama wote walikuwepo, majani mikononi, povu hadi viwiko. Habari imeshaenea. Mama Konsolata akanitazama akasema, "Mama Deo, wewe huu mtumbwi unaukata kweli? Tutakuwa tunakunywa nyimbo?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, nikamwambia atakunywa na ataomba kuongezewa. Moyoni sikucheka.

Tumemwaga mtama wa kukaanga juu, tumefunika kwa majani ya migomba. Nimebaki pale peke yangu kidogo. Nilimwambia mama mkwe ninachokwenda kufanya. Hajajibu, lakini hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Alhamisi, 22 Juni

Pombe imetoka, nzuri, kali kidogo. Nestori amekuja na msumeno.

Aliushika mtumbwi ndani, pale mikono ya watu imepalainisha. Akasema mama yake alikuwa nao kama huu. Siku waliyokimbia waliuacha na pombe ndani, haijaiva.

Aliniuliza mara tatu kama ana ruhusa. Mara ya tatu nikaushika mtumbwi upande wa pili usicheze. Akakata. Ndani mbao ni nyekundu bado, miaka yote ile.

Nimeandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, darasa la nne. Kulia nalia kwa Kihangaza.

Ijumaa, 23 Juni

Sanduku limesimama. Linafika kifuani kwangu. Nyuma ni mviringo kama mgongo wa mzee, mbele ni mlango wa jiko uliotobolewa, na kwenye tundu imekaa spika. Mahali pa kitasa na kila ufa Nestori ameziba kwa nta ya nyuki. Linanuka pombe hadi barabarani.

Halijajaribiwa. Jenereta inakuja kesho na bendi. Nimemuuliza Nestori kama litatoa sauti. Akasema sanduku la mbao analijua, la mtumbwi hajawahi.

Mbuzi wameingia jikoni. Wamekula maganda, wamekula na kitenge changu kimoja, upindo wote.

Jumapili, 25 Juni

Jana. Niandike taratibu nisisahau.

Deo na baba yake walilibeba sanduku kwa mti mabegani hadi kwa Mama Konsolata. Watu wakacheka. Wengine walidhani tunaleta pombe. Mzee Gervasi alilizunguka, akalinusa, akacheka kuliko wote. Yule mpigaji wa Mwanza alikuwa ameshafika. Amekaa kivulini, suruali imepigwa pasi, sanduku lake kando limefunikwa kitambaa safi. Sikumchukia, ingawa nilijaribu. Ni kijana wa mtu.

Nyuki wakaja. Nta na pombe, wangekosaje. Wakajaa kwenye sanduku letu. Mzee Gervasi akaumwa sikioni, akaacha kucheka. Alisema wimbo mmoja tu, kisha yule wa Mwanza aingie.

Jenereta ikawashwa. Zakaria akaanza na ule mlio wake. Safari hii niliutambua, nikamheshimu, ni mzuri. Kisha Deo akaweka kidole.

Sikumsikia kwa masikio kwanza. Lilianza kutikisika benchi nililokalia. Kisha chupa za soda kwenye meza ya maharusi zikagongana zenyewe. Kisha hapa, chini ya mbavu, mahali alipokuwa akinipiga teke kabla hajazaliwa. Pale pale. Nyuki kila alipogusa uzi waliruka wote pamoja, wakarudi wote pamoja, kama wamefundishwa.

Watu walisimama kucheza bila kuitwa. Wazee wa Biharamulo, hata wale waliosema hawachezi nyimbo za vijana.

Deo alikuwa ameinua uso. Ananitazama mimi.

Yule wa Mwanza aliinuka, akapita katikati ya nyuki, akaweka kiganja kwenye mlango wangu wa jiko. Akakaa hivyo hadi wimbo ukaisha. Akamwambia Mzee Gervasi kitu sikioni, lile lisiloumwa. Akarudi, akalikaza sanduku lake kitambaa, akaomba sahani ya pilau. Deo akapiga hadi sherehe ikaisha. Gitaa amerudi nalo nyumbani.

Wimbo ule wa kwanza ulipoisha, Mama Konsolata aliniletea kibuyu changu katikati ya watu. Cha mwisho hicho, sote tulijua. Nikaona ndiyo saa. Nikawaambia akina mama kwamba nilikosea, ule mlio wa kwenye kaseti ni wa Zakaria, wa Deo ni huu wa chini.

Mama Konsolata akasema, "Tunajua, Mama Deo. Dereva wangu aliniambia zamani."

Wote walijua. Kila walipokuja kusali, kila nilipowawekea kaseti ile. Waliitikia kwa vichwa, wakasema hongera. Hata yeye, mwenye ulimi ule.

Nikampa kibuyu aonje kabla yangu.

Jumatatu, 26 Juni

Deo kalala hadi saa nne. Vidole vimevimba. Nimemchemshia maji ya chumvi kwenye sufuria ya maharage. Acha ikae nayo.

Alhamisi, 6 Julai

Napura maharage nyuma ya nyumba. Vumbi. Pale ulipolala mtumbwi majani ni meupe, pembeni yameanza kupata rangi. Kwenye nusu iliyobaki mbuzi wanalambia chumvi. Jiko bado halina mlango.

Bendi imepewa ghala ng'ambo ya bonde kwa mazoezi. Saa tisa hivi nikahisi kitu, nikaacha kupiga maharage.

Zakaria hakufika, bonde ni pana. Mwimbaji hakufika. Aliyevuka ni Deo peke yake, taratibu, kama mtu anayepanda kilima na hana haraka.

Mama Konsolata akapita na jembe begani. Akasimama, akatazama juu kutafuta wingu kama amesikia radi, na mwezi wenyewe ni wa saba, kiangazi.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikasogea kwenye mkeka nimpe nafasi. Akalaza jembe chini, akakaa.