Kadi Moja ya Salamu

Irving, Texas

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako limetulia, na mama yako mdogo bado anapiga zamu uwanja wa ndege. Nanyi huko Houston mko salama?

Unaniuliza kama uache kurusha gemu zako laivu, maana watazamaji ni wawili tu.

Ujanani nilisoma kadi za salamu kwenye redio ndogo ya mjini kwetu. Jumapili moja ilikuja kadi moja tu. Nikaona aibu, nikaiweka kando, nikapiga muziki kipindi kizima. Siku chache baadaye mama mmoja akaja studio. Mumewe mgonjwa ndiye aliyeiandika, kumshukuru kwa kumuuguza. Walikaa karibu na redio mpaka mwisho. Alfajiri mzee akafariki.

Hakunigombeza. Aliomba kadi yake, akaondoka nayo.

Gemu sizijui, Neema. Lakini tangu bibi yako anifungulie chaneli yako kwenye simu, sijakosa hata siku moja. Kuandika humo siwezi, ndiyo maana niko kimya.

Katika wale wawili, mmoja ni mimi. Nisalimie.

Babu yako