Niliitikia kwa Kichwa, Anyona Akavuliwa Reflekta

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na usiandike jina langu, kwa sababu tangu Jumatano ya wiki iliyopita sikai mahali pamoja, nikishika kitabu nakiacha, nikianza kuosha vyombo naenda dirishani kuangalia kama kuna mtu anakuja, na mama anafikiri ni goti linanisumbua, kumbe goti lilishapona.

Niko kidato cha tatu, naenda shule kwa baiskeli, na nikiteremka kutoka mtaa wa Nyanchwa mimi hupitia upande wa kulia, kwa sababu geti la shule liko huko na sitaki kuvuka mara mbili vijana wa boda wakiniuliza, "Sista, hiyo ni sketi ama ni parachuti?" Asiyenicheka ni mmoja tu, Anyona, na yeye aliniambia mara mbili, "Msichana, kaa kushoto, hapo utakutana na mtu uso kwa uso," nami nikapita bila kujibu, maana nikiongea na watu wakubwa sauti inapotea.

Sasa Jumatano nikakata kona nikiwa huko kulia, na aliyekuwa akipanda mlima ni Anyona huyo huyo, yuko upande wake, hana haraka, akaona atanigonga, akageuza pikipiki ikaingia mtaroni, akavunjika mfupa wa bega, mimi nikaanguka kwa woga tu nikachunika goti. Watu wakaja mbio, mama mmoja akapiga kelele, "Hawa wa boda watatumalizia watoto!" Mwenyekiti wa steji, pale boda wanapongojea abiria, Mzee Obadiah, akainama akaniuliza, "Alikuwa anakimbiza pikipiki, sivyo?" na mshauri, mimi nikaitikia kwa kichwa. Kwa hicho kichwa Anyona amevuliwa jaketi ya reflekta yenye namba ya steji, na Jumapili hii kamati inakaa kumfukuza kabisa.

Nilimweleza binamu yangu Ian, akasema, "Wacha kujisumbua. Baiskeli haina namba, haina leseni, sheria itakushika wapi? Hizo ni za magari." Hilo lilinituliza siku mbili, halafu likakataa. Na sasa mama ameomba nafasi kanisani Sabato hii, anataka nisimame nishuhudie vile Mungu aliniokoa na "yule mwendawazimu." Nikisema ukweli mama ataaibika, nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya Mungu kwa maikrofoni. Je, ni kweli baiskeli haifungwi na sheria za magari? Kama ni kweli, labda sina makosa. Nifanye nini?

Asiyetulia, Kisii

*

Mwanangu,

Pole kwa goti, pole kwa kukosa utulivu. Pole zimeisha.

Nianze na sheria, maana umeifanya mahali pa kujificha. Huhitaji leseni, hapo Ian amesema kweli. Lakini kushoto ni kushoto kwa lori la majani chai na kwako pia. Polisi akiinua mkono, unasimama. Giza likiingia, unawasha taa. Wapo wanaoniandikia kwamba mwenye baiskeli aachwe apite apendavyo kwa kuwa hawezi kuumiza mtu. Wewe hukumgusa Anyona hata kwa kidole, na bega limevunjika.

Na hata sheria ingekuachilia, bado kuna lile jibu ulilompa Obadiah. Usisingizie kuona haya. Haya humfanya mtu anyamaze, wewe ulijibu.

Mwambie mama leo, jikoni, akiwa ameketi. Atapiga kelele. Mwache amalize, kisha mwombe aifute ile nafasi kanisani. Aibu yake itapita. Anyona anapoteza kazi, na alishajitupa mtaroni kwa ajili yako.

Ijumaa, kabla jua halijazama Sabato ikaingia, nendeni wewe na mama kwa Anyona ukamwombe msamaha, kisha kwa Mzee Obadiah. Jumapili itakuwa mmechelewa. Sauti ikipotea, andika. Kwangu umeandika barua nzima bila kukwama. Andika hivi: "Nilikuwa upande wa kulia. Anyona alikuwa upande wake na hakuwa anakimbiza. Nilidanganya." Weka jina lako kamili. Mpe mzee mkononi, asome ukiwa umesimama hapo, na usiondoke mpaka akuambie Anyona atarudi steji lini.