Kozi ya Ishirini na Nne

Migori
18 Novemba 1997

Ndugu yangu Javan,

Jumamosi tarehe kumi na tano, kabla ya saa nane mchana, matofali mabichi elfu tisa yalirudi kuwa matope. Naanza na hilo usije ukasema hukuambiwa. Salamu ni hizi: mimi mzima, Mama mzima, ni miguu tu inamsumbua. Na huko Homa Bay hamjambo?

Uliondoka saa sita na robo kuwahi gari, kwa hivyo hukuona. Yalikuwa yamepangwa chini ya nyasi yakingoja moto, ya kujengea chumba cha kujifungulia karibu na zahanati. Kila mama wa kikundi chetu alikanyaga udongo wake. Bhoke alikanyaga akiwa na mimba ya miezi saba, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya barabara na hataki kurudia.

Trekta ya Nyakundi ilikuwa imeshafika kuyahamisha mto usiyafikie, trela tupu, injini inanguruma. Wewe ukasema iende. "Mto unachoka," ulisema. Nikamrudisha Nyakundi kwa mdomo wangu mwenyewe, maana wewe ni mwalimu wa hesabu wa sekondari na mimi niliishia darasa la saba. Sasa wanawake wananiuliza mimi. Nieleze ili niwaeleze: ulihesabu nini?

Nyaminwa,
Milka


Homa Bay
22 Novemba 1997

Nyaminwa, dada yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimehuzunika sana. Mimi sijambo, nasahihisha mitihani tu, na mvua huku haikati. Mpe Mama pole ya miguu.

Dada, tulia nikueleze kwa utaratibu. Ulinipa idadi ya kozi, yaani safu za matofali, za ukuta wa kingo ya mto zilizofunikwa na maji kila saa. Kati ya saa tatu na saa nne zilikuwa sita. Saa iliyofuata tano, iliyofuata nne. Hiyo ni kasi ya mto kupanda. Kwa kalkulasi huitwa derivativu ya kwanza. Sasa angalia kasi yenyewe inavyobadilika: kila saa inapungua kwa moja. Hiyo ndiyo derivativu ya pili. Ni kama lori mlimani: bado linapanda, lakini dereva ameshaondoa mguu kwenye mafuta. Niliangalia hata ya tatu. Ni sifuri, yaani huo upungufu haukubadilika. Basi zingefuata kozi tatu, mbili, moja, mto usimame. Kumi na tano ongeza sita ni ishirini na moja, na uwanja wako wa matofali uko juu ya kozi ya ishirini na nne.

Hesabu haina kosa. Ama mvua ya Kisii, huko juu mto unakotoka, ilileta maji mapya baada ya saa sita, ama ulihesabu kozi vibaya. Sikulaumu, watu wasiozoea vipimo hukosea. Nimemwandikia hivyo mwenyekiti wenu, Mama Bathsheba, ili jambo hili liishe kwa amani.

Ndugu yako,
Javan


Migori
26 Novemba 1997

Javan,

Tumeamka salama, natumaini nawe umeamka salama. Hizo zinatosha.

Bathsheba aliisoma barua yako kwa sauti mbele ya wanawake ishirini na watatu. Bhoke akacheka, akasema kumbe Milka hata vidole vyake hajui ni vingapi. Jumamosi tarehe sita watapiga kura kama niondoke uwanjani. Uwanja huo niliufyeka kwa panga langu, wewe hujavaa bado suruali ndefu.

Maji yameshuka, kwa hivyo jana niliteremka na futi ya fundi. Kozi tisa za chini zimelazwa: inchi tatu kila moja. Kuanzia ya kumi matofali yalikuwa yanatuishia, fundi Machuki akayasimamisha kwa ubavu ili ukuta upande upesi: inchi sita kila moja. Ungeshuka hatua kumi ungeona kwa macho. Lakini ulikuwa na viatu vya ngozi, ukabaki kwenye kiti na chai yako, ukaandika kozi kana kwamba zote ni sawa.

Sasa fuata. Saa ya kwanza, sita za kulala: inchi kumi na nane. Ya pili, tatu za kulala na mbili za kusimama: ishirini na moja. Ya tatu, nne za kusimama: ishirini na nne. Iko wapi kasi iliyopungua? Iliongezeka inchi tatu kila saa. Derivativu yako ya pili ni jumlisha tatu, wewe uliandika toa moja. Ya tatu ni sifuri kweli, ila maana yake ni kwamba dereva hakuwahi kuondoa mguu. Endelea basi: ishirini na saba, thelathini. Hizo ni hamsini na saba. Kufika uwanjani zilibaki kozi tisa za kusimama, hamsini na nne. Ndiyo sababu maji yalinikuta kabla ya saa nane. Usiisingizie mvua ya Kisii.

Nyakundi angebaki, hata nusu tungeokoa.

Mimi pia nilijua yamesimamishwa. Nilidhani mtu wa chuo ameshalitia hilo kwenye hesabu. Kosa hilo ni langu na nitalisema mbele yao. Lako ulimwandikie Bathsheba wewe.

Nyaminwa,
Milka


Migori
4 Desemba 1997

Javan,

Sisi ni wazima. Afya yako siiulizi, kwa sababu Suleman wa duka alikuona. Anasema Ijumaa alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaisoma yote umesimama, ukaikunja, ukamwambia hakuna jibu. Bathsheba naye hajapata kitu.

Mama anataka nikuache. Anasema mwalimu akiaibika, boma zima limeaibika. Nilimuuliza mimi nikifukuzwa ni boma la nani litakaloaibika. 

Sitaki pole, na usinifundishe tena. Wanawake wanakaa keshokutwa, Jumamosi, saa nne asubuhi. Utakuja usimame mbele yao useme hesabu ilikuwa yako, au hutakuja? Andika neno moja tu. Suleman atakupa barua hii kesho asubuhi, na anaondoka Homa Bay saa sita mchana. Nataka neno hilo liwe mkononi mwake kabla hajawasha gari.

Milka