Kitambaa ya magoti ya yaya Ursule

Larissa, wacha kila kitu, soma!!

Unakumbuka, mwezi ilipita, vile papa Désiré, mwalimu ya golf, alifungaka yaya Ursule, dada mukubwa, magoti na kipande ya kitambaa ya liputa mbele ya batu yote? "Golf ni mikono! Miguu ya batoto ya bavuvi Wagenia iko ya kucheza ngoma tu!" Batu balicheka. Yaya alifungua mafundo, akaenda. ALIENDA, Larissa.

Bon. Leo asubui, mashindano, yaya na mwalimu bote banacheza. Yaya anasimama sawa vile anavuta mutego ku maporomoko: uzito ku muguu ya kuume, kiuno inageuka, uzito yote inahamia ku ya kushoto. Paa! Mpira yake inapita ya mwalimu, mbali kabisa.

Papa Désiré anakasirika. Anakaza miguu kama nguzo, anapiga na mikono tu. Mugongo inalia ka! Anaanguka palepale, kusimama anashindwa.

Batu bane banakuja kumubeba. Yaya anafungua sakoshi... anatoa ILE kitambaa. Ile ile! Mwezi muzima anatembea nayo! Anapiga magoti, anamufunga magoti ya kwake polepole, mafundo mbili.

"Papa, miguu ya nini? Golf ni mikono."