Mashine Yangu na Dume la Mzee

Jumamosi, Turwa

Na nilimkaribisha mwenyewe, yule mzee mfugaji wa Itiryo!

Nilikuwa ukumbini naonyesha watu michoro ya mashine yangu. Unarusha punje za mahindi mezani, kamera inaona zilipoangukia, mashine inachora mistari ya kuziunganisha. Mzee akapenda mchoro mmoja wenye mabaka kama ya ng'ombe. Akataka niurudie.

"Haurudiki, mzee. Unatokea wenyewe tu."

"Hata dume langu liko hivyo," akasema. "Kila ndama anakuja na mabaka yake. Ila mimi sijawahi kusema nimemchora."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mke wangu.

Na chini ya kila mchoro nilishaandika jina langu. Kwa herufi kubwa.